Kamera Katika Gunia la Samaki

Bahilai alikataa kuzima injini ya lori, mimi nilikataa kuvua koti, na Ogdo, mke wa mjomba wangu, akatuona sote wawili tumepungukiwa na akili.

"Kaa chini, Sargilana," aliniambia. "Tangu uingie unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mjomba wako amepeleka ng'ombe kwenye tundu la barafu. Atarudi."

"Atarudi saa ngapi?"

"Ng'ombe wakishiba maji. Nikawaulize?"

Nilikaa, nikasimama tena. Nje lori lilikuwa linanguruma. Kwetu kaskazini, mwezi ule wa baridi kali, injini ikizimwa uwanjani haiwaki tena mpaka masika, barafu iyeyukapo, na Bahilai, dereva aliyenileta kutoka mjini, alikuwa amenipa muda mpaka jua liguse mlima. Mwezi ule jua halikawii kuugusa.

Nilikuwa nimekuja kwa jambo moja tu: picha ya uso wa mjomba Kirgielei. Mama yangu, dada yake wa pekee, alikuwa anapofuka. Daktari alisema masika yakifika atakuwa anajua huu ni mchana na huu ni usiku, basi. Nyonga zake zilikuwa haziwezi tena safari ya lori, na mjomba naye majira ya baridi haachi farasi wake, mbwa mwitu wasije wakawamaliza. Hawakuwa wameonana tangu walipomzika baba yao. "Niletee uso wake niutazame mpaka niushibe," mama aliniambia. "Lakini habari ya macho usimwambie. Atakuja kwa kunihurumia, na huruma ya Kirgielei mimi siitaki." Kwa kiburi, wale wawili walinyonya ziwa moja kwelikweli.

Simu za kupigia picha hazikuwepo wakati huo. Nilikuwa na kamera ya marehemu baba, ya chuma, ya kuvuta mkanda kwa kidole, pamoja na amri yake moja: kamera iliyotoka baridini usiiingize kwenye joto. Itatoka jasho nje na ndani, na ukirudi nayo nje jasho lile litaganda, na hapo umeiua. Nyumba ya Ogdo ilikuwa na kidirisha kimoja kilichozibwa na barafu, kwa hiyo picha ilikuwa lazima ipigwe uwanjani. Basi niliitia kamera katika gunia dogo la unga nikaiacha kwenye kile chumba cha mlangoni kisicho na moto, pamoja na nyama, maziwa yaliyogandishwa kwa sahani, na samaki. Kila mtu kwetu huweka pale kitu asichotaka kiyeyuke. Sikuona haja ya kumwambia yeyote.

Jirani mmoja wa ng'ambo ya ziwa, mzee Miitere, alikuwa anakunywa chai. Akamaliza, akavaa kofia.

"Mgeni haondoki kwangu mikono mitupu," alisema Ogdo, akatoka naye. Nilisikia mlango, nikasikia mkokoteni wa theluji ukiondoka, nami nikaendelea kulichungulia jua kupitia tundu nililokwangua kwa ukucha kwenye barafu ya dirisha.

Mara sauti ya mjomba ikasikika uwanjani. Nikaruka. Nikatia mkono kwenye kona nilipoacha gunia, nikashika ukuta. Nikapiga kelele, gunia langu liko wapi?

"Gunia lipi?" Ogdo aliuliza. "La unga? Si lile la samaki? Nimempa Miitere."

"Ile ni kamera!"

"Mbona ilikuwa ngumu na baridi kama samaki?"

Bahilai alicheka mpaka akashikilia mlango wa lori. "Leo Miitere anakula supu ya kamera!"

Mjomba alikuwa anatandika farasi. Ng'ombe alikuwa amewarudisha; alikuja kuchukua mikate tu, arudi malishoni kwa farasi wake. Nilimshika mkono nikamweleza habari ya picha.

"Picha ya nini?" alisema. "Mama yako amesahau sura yangu? Ajitazame kwenye kioo, aongeze sharubu."

"Mjomba, tafadhali, nisubiri! Narudi sasa hivi."

"Sasa hivi yako naijua tangu ulipokuwa na meno ya utoto. Haya, kimbia."

Tulivuka ziwa kwa lori, mimi nikipiga dashibodi kwa ngumi kama ndiyo punda. Miitere, aliyekuwa akiishi peke yake, tulimkuta amekaa mbele ya jiko la kuni, kamera iko mapajani, anaipangusa kwa shuka lake safi.

"Nilifungua nijikatie samaki," alisema, "nikaona jicho linanitazama. Nikasema, maskini, limeganda. Nikaona nilipashe moto kidogo."

Kamera ilikuwa inachuruzika maji. Nilitaka kumng'ata mzee wa watu. Yeye akaniangalia usoni, akaelewa kwamba ametenda ubaya bila kuujua ni upi, akavaa koti akapanda lori pamoja nasi ili akaombe radhi.

"Iache ikauke kwanza," alisema Bahilai.

"Ikauke mpaka lini? Si wewe unayenisimanga na jua lako?"

"Haya bibi. Kamera ni yako."

Nilijua iachwe. Hata mtoto wa kwetu anajua. Lakini jua lilikuwa limekaribia mlima, na tulipofika mjomba alikuwa tayari juu ya farasi, ndevu zimejaa barafu, farasi anafuka mvuke. Hata mama angeitambua sura ile. Nikatoa kamera kifuani.

Kabla haijafika jichoni, kioo kilikuwa kimekuwa cheupe. Nikafuta kwa glavu, ukungu ukaenea ukawa barafu. Nikavua glavu nikafuta kwa kidole, kidole kikanata kwenye chuma, nikakivuta, ngozi ikabaki. Ndipo hasira zikanipanda. Nikavuta mkanda kwa nguvu zangu zote, ndani kitu kikalia *tak*, kama tambi kavu inapovunjwa, na mtambo ukazunguka mtupu.

Nilikaa chini kwenye theluji nikalia.

"Hee! Yote hayo kwa picha?" mjomba aliuliza kutoka juu. "Si utakuja tena mwakani?"

"Mwakani hatakuona!" nilipiga kelele. "Mama anapofuka! Masika haya haya! Alinikataza nisikwambie, haya, nimekwambia!"

Machozi yaliganda, kope zangu zikashikana, kwa hiyo sura ya mjomba sikuiona. Nilisikia injini tu. Halafu nikasikia ngozi ya tandiko ikilia, na buti zikitua kwenye theluji.

"Ogdo," alisema. "Niletee kofia yangu nzuri."

"Na farasi?" Ogdo aliuliza.

"Farasi nitawalinda mimi," mzee Miitere alidakia haraka. "Kamera nimeshaiua, hata mbwa mwitu nao wanishinde?"

Mjomba aliingia ndani, akatupa kipande cha mkate motoni ili moto utupe njia njema, akala kilichobaki. Akapanda lori. Njia nzima juu ya mto ulioganda yeye alilala, mimi sikupata hata lepe. Nilikuwa nashika mkono wake kila mara kuhakikisha yupo.

Mama alisikia lori likiingia uani kwetu, akatoka na shali mdomoni na ile miwani yake minene, hana hata koti.

"Umeipata?" aliniuliza.

"Mkanda umekatika, mama."

Pumzi yake ilikuwa inapanda kutoka kwenye shali na kuganda kwenye miwani. Akageuza kichwa kidogo.

"Nani yuko nyuma yako? Mbona ananuka farasi?"

"Nimeambiwa umesahau sura yangu," mjomba alisema.

Mama alimshika mkono wa koti akamvuta ndani kama mtoto mtoro aliyekamatwa, akamkalisha, akaketi mbele yake. Na palepale, kwa lile joto la chumba, miwani yake ikawa nyeupe yote.

Niliruka na kitambaa. Mama akaikinga miwani kwa kiganja.

"Acha! Baba yako hakukufundisha? Kioo kilichotoka baridini hakifutwi. Kinangojewa."

Basi tukangoja. Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyeliinukia. Mjomba alivua kofia yake nzuri, akalaza nywele kwa mate, akakaa wima. Niliweka mikono yangu chini ya mapaja ili itulie, na ikatulia.

Ukungu ulianza kuondoka pembeni, polepole, kisha katikati. Mama akainama mbele mpaka pua zao zikakaribiana.

"Umezeeka, Kirgielei."

"Tazama taratibu," mjomba alisema. "Sina pa kwenda."

Akasogeza kiti chake karibu na taa.