Kiu ya Milimau

Kila mwaka mwezi wa sita Cirino alifunga maji na kuitesa milimau yake makusudi. Si yeye peke yake. Mteremko mzima ule, kutoka chini ya mlima hadi baharini, kwenye mji wa Acireale, ulifanya hivyo hivyo. Mlimau ukinyimwa maji katikati ya kiangazi huingiwa na hofu ya kufa, na siku ukija kunyweshwa hutoa maua kwa pupa. Maua hayo ndiyo yanayozaa malimau ya kijani ya kiangazi cha mwaka unaofuata, wakati kwingineko hakuna kitu, na kiwanda cha kukamua mafuta ya maganda kiliyagombania. Kazi yote ilikuwa kujua siku ya kufungulia. Ukiwahi, maua haba. Ukichelewa, umeua mti. Jani likijikunja mchana si neno, lakini likiamka asubuhi bado limejikunja, muda umefika.

Cirino aliyajua haya tangu utotoni, na kaka yake Orazio aliyajua vilevile, maana aliyewafundisha ni baba mmoja. Baba huyo aliwaachia shamba lililogawanywa na ukuta wa mawe meusi, na birika moja la maji lenye milango miwili, kila mmoja na wake. Birika halikuwagombanisha. Kilichowagombanisha ni mdomo wa Orazio. Kiangazi cha mwaka uliopita, mbele ya watu waliokuwa wakinywa kahawa uwanjani, alisema, "Huyu mdogo wangu hawezi kuona jani limelala. Anakimbilia maji kama mama aliyesikia mtoto analia."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Cirino aliondoka bila kumaliza kahawa yake, na tangu siku hiyo jina la Orazio likapigwa marufuku nyumbani kwake. Mtu mzima mwenye wajukuu, akanuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Kwa hiyo safari hii aliapa kwamba hatakuwa wa kwanza kufungulia maji. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe na kuchungulia upande wa pili. Udongo wa Orazio ulikuwa mkavu, hauna hata alama ya unyevu. Ahaa, alijiambia, bado anajikaza. Akashuka, na milimau yake ikaendelea kukaa na kiu.

Siku moja mkewe, Venera, alimwekea mkate na jibini mezani, akaanza taratibu, "Cirino, shemeji yangu..." Cirino akainua mkono. Alisema kama ni habari za mtu yule, zibaki huko huko kwa majirani zilikotoka. Kesho yake Venera alijaribu tena, naye Cirino akachukua kofia akatoka. Hakujaribu mara ya tatu. Alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, na alichoka kuongea na mgongo wa mtu.

Majani yakaanza kuamka yamejikunja. Hapo hakuna wa kumsingizia: Cirino aliyaona kwa macho yake, na roho ilimuuma hasa. Alifika mpaka birikani, akashika mlango wa maji, akakisikia tena kile kicheko cha uwanjani, akauachia mlango bila kuufungua.

Wiki ile ile alipita Graziella, mnunuzi wa kiwanda, kuuliza mwakani atarajie mzigo gani. Alivunja kijiti, kikakatika bila kupinda.

"Mzee Cirino, unangoja nini? Mti huu unakufa."

"Kwani upande ule wamefungulia?"

"Upande ule sijaona mtu."

"Basi na mimi sina haraka."

Graziella alimtazama kidogo, akaona shamba si lake, akaingia kwenye gari lake akaenda zake.

Kisha ukaja upepo wa moto kutoka kusini, ule unaovuka bahari na vumbi lake. Ulipotulia, majani yote yalikuwa chini, na magome yameanza kupasuka. Asubuhi hiyo Cirino alikwenda birikani akijua hakuna tena cha kushindania. Alikuwa ameinama kwenye mlango wa maji aliposikia fimbo ikigonga mawe ng'ambo ya ukuta.

Alikuwa Orazio. Amekonda, koti linamning'inia mabegani, na nyuma yake binti yake amesimama tayari kumdaka.

"Ni moyo," Orazio alisema, akijigusa kifua. "Uliniangusha siku ile ile niliyofunga maji. Nilikuwa hospitali Catania muda wote huu. Venera hakukwambia?"

Cirino alivua kofia yake.

"Huyu binti alikuwa akihangaika na miti," Orazio akaendelea. "Nikamwambia nyamaza. Cirino yupo. Yule hawezi kuona jani limelala, atafungulia pande zote mbili. Basi nikalala usingizi wangu."

Hakuwa anatania. Aliyasema maneno yale yale ya uwanjani, lakini sasa yalikuwa sifa, na pengine hata siku ile uwanjani yalikuwa na sifa ndani yake. Aligeuka akaitazama milimau yake, kisha ya mdogo wake, yote imebaki vijiti vitupu. Alikuwa mkulima, hakuhitaji kuelezwa. Cirino aliomba moyoni atukanwe, lakini Orazio hakumtukana.

"Ulikuwa unaningoja mimi," alisema tu.

"Ndiyo, kaka."

Cirino akafungua mlango wa Orazio kwanza, halafu wake. Maji yakashika mifereji yote miwili, yakikokota majani makavu, yakaingia chini ya miti isiyokuwa na haja nayo tena.

"Funga, mdogo wangu," Orazio alimwambia kwa upole. "Unamwaga maji."

Cirino hakufunga. Alikaa kwenye ukingo wa birika akililia shamba la kaka yake, na maji yakaendelea kwenda.