Madawati Yaliyokwenda Fataki

Mgeni aliingia katika karakana ya Scholastique, mtaani Rwambuzi, mjini Bunia, wakati fundi wake Katsuva akipiga randa kiti cha dawati la mwisho. Hakuna aliyekuwa akimtarajia. Alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa tai, na viatu vyake vilijaa udongo mwekundu hadi kwenye kamba. Alisalimu, akajitaja kuwa ni Emery, mwalimu kutoka Fataki, akasema amekuja kuomba ubao wa kuandikia kabla ya Jumatatu.

"Lundi batoto banaanza," alisema. "Vita ilichoma shule, lakini manyasi ya juu tumeisha kuweka. Sasa tablo njo inakosa."

"Na batoto banaikalia nini?" Katsuva akauliza.

"Matofali."

Mwalimu aliyatazama madawati yaliyopangwa hadi karibu na mabati, mapya, ya mbao nyekundu zilizotoka Niania. Akainama akachungulia chini ya moja. Kwa penseli nene ya seremala palikuwa pameandikwa: Fataki. Akachungulia chini ya lingine. Fataki.

Huo ulikuwa utaratibu wa karakana ile tangu enzi za baba yake Scholastique. Jina la mwenye kulipa halikuandikwa. Chini ya kila kitu paliandikwa mahali kitakapotumika, ili kazi ya mtu isichanganyike na ya mwingine. Kitanda cha bibi harusi wa Komanda kiliandikwa Komanda, hata kama mjomba aliyekilipia aliishi Bunia. Kila asubuhi Scholastique alipita ameinama, akizisoma kazi zake kwa chini, na hivyo alijua ipi imechelewa na ipi ianze. Bwana Hippolyte, mtu wa tenda, alipoagiza madawati haya alisema ni ya shule ya Fataki. Basi yakaandikwa hivyo.

"Kumbe ni zetu," Emery alisema, bila kupaza sauti. "Kwa redio balisema tunazikalia tangu mwaka jana. Siye tulifikiri iko Fataki ingine."

Scholastique alimweleza ukweli. Lori la Hippolyte lingekuja Jumamosi kuyapeleka madawati kwenye ghala lake katikati ya mji, ambako mwenye fedha yeyote angeyanunua. Yeye hakuwa na ruhusa ya kugawa kazi ya mteja. Ila ubao wa kuandikia ulikuwa mikononi mwake.

"Tablo utapata, mwalimu. Lundi, mbele ya kengele kulia. Ni mimi Scholastique nasema."

Mgeni alipoondoka, Katsuva alipuliza takataka za randa. "Mama patron, ule atakulipa na nini? Na tai yake?"

"Weye piga randa."

Jumamosi lori lilikuja. Wapakiaji walipakia, wakakaza kamba, dereva akawasha. Kwenye njia panda, lori lilipokata kona kuelekea mjini, kamba zililegea na madawati yakaanza kushuka. La kwanza lilitanguliza miguu ya mbele, likaijaribu ardhi kama mbuzi anayeshuka garini. Mengine yakafuata. Yakajipanga mawili mawili, yakashika barabara ya Fataki. Dereva alisema yeye amelipwa kuendesha, si kuchunga.

Waendesha pikipiki waliyapigia honi yakae upande wa kulia. Akina mama waliotoka sokoni waliyatwika mihogo na madumu ya mafuta, wakatembea kando yake mikono mitupu, wakipiga soga. Kwaya iliyokuwa ikitoka mazoezini iliyasindikiza hadi mwisho wa mji, sauti zote nne. Kwenye kizuizi askari waliyaomba kitu kidogo, na madawati, kwa kuwa hayana mifuko, yalisimama tu. Nyuma yake magari yakajaa na kulia hadi mkubwa wa kizuizi akainua mti kwa mkono wake mwenyewe. Mvua iliponyesha yalijikinga penye baraza ya kanisa. Na yalipokaribia Fataki, watu wa vilima viwili, ambao hawakuwa wamesalimiana tangu vita, walitoka pande zote kuyaelekeza njia, wakajikuta wakielekezana wao kwa wao.

Jumapili, baada ya misa, Hippolyte alifika karakanani akiwa bado na suti.

"Nani alikuambia uandike Fataki?"

"Ni weye, Papa Hippolyte. Ulisema ni ya Fataki."

"Nilisema ni ya Fataki. Sikusema yaende Fataki!"

Katsuva alishikwa na kikohozi, akaenda kukimalizia nje.

Hasira ya Hippolyte haikudumu. Alikuwa na kazi nyingine: vitanda vya kituo kizima cha afya, kazi ya kuwalisha mafundi wote mwaka mzima. Alitaka mambo mawili tu. Chini ya vitanda pasiandikwe neno. Na kitu kingine kisitoke tena hapa kwenda Fataki. "Bale bantu batazoea," alisema, akiunyooshea kidole ubao uliokuwa ukikauka ukutani. "Hata ile. Kesho asubuhi nakuja kuchukua jibu. Nikukute hapa."

Alipokwenda, Scholastique alibaki kwenye sakafu tupu. Bila vitanda vile, mafundi wawili wangerudi kwao kabla ya mwezi kuisha, na huenda Katsuva angekuwa wa tatu. Alikaa na jambo hilo hadi jua likapungua. Kisha akachukua penseli, akaandika Fataki nyuma ya ubao. Ubao ulitikisika, ukajigeuza uso kuelekea kaskazini, ukajitahidi. Lakini ubao hauna miguu. Basi akaenda kutafuta pikipiki.

"Nimwambie nini yule muzee?" Katsuva akauliza.

"Mwambie niko Fataki."

Aliondoka alfajiri na dereva wa pikipiki. Aliufunga ubao mgongoni, na kwenye miinuko upepo uliusukuma hadi dereva akalalamika kwamba amebeba abiria wawili kwa bei ya mmoja.

Walipofika, Emery alikuwa amesimama mbele ya rimu ya gari iliyoning'inizwa iwe kengele, chuma cha kuigongea kiko hewani. Alimwona, akashusha mkono, akangoja. Ndani, watoto walikuwa wameketi kwenye madawati yao, migongo imenyooka.

Saa hiyohiyo, mjini Bunia, Hippolyte alisikia jibu kutoka kwa Katsuva, akavuka barabara, akaipeleka kazi ya vitanda katika karakana ya jirani, ambako chini ya mbao hawaandiki kitu. Mchana redio ilitangaza kwamba Bwana Hippolyte ameipa shule ya Fataki madawati, na sasa ameiongezea ubao, na ikapiga muziki kwa heshima yake.

Scholastique alipigilia misumari mwenyewe, akautikisa ubao kwa mikono miwili. Ulishika. Emery akampa chaki. Akachora mstari mmoja mrefu, mweupe, kutoka pembe hadi pembe, akaufuta kwa kiganja, akachora mwingine.

"Inaandika," alisema.

Mwalimu akatoka nje kupiga kengele.