Mwanga wa Majani ya Zamani

Jumamosi asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kulia, Bibi Vifungo alilowesha kitambaa, akakikamua, akaanza kufuta majani ya Mvumilivu, jani moja moja, juu kisha chini. Mvumilivu lilikuwa jina la mmea uliokaa ndani ya debe la rangi kwenye pembe ya chumba cha kushonea. Majani yake yalikuwa mapana, mabichi mwaka mzima. Kikombe kimoja cha maji kiliutosha wiki nzima, na habari za jua haukuuliza.

Miaka minane ulikaa mbele ya dirisha la mashariki. Mwaka wa tisa mwenye karakana aliliziba kwa matofali ili apate ukuta wa rafu, na mmea ukabaki pale pale, kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia kuwa wenyeji wamehama.

Alipofuta jani la tatu, mwanga wa asubuhi ulitoka ndani yake ukaanguka mezani, pamoja na kivuli cha nondo nne za dirisha.

Mke wa kaka yake, mpiga pasi wa chumba cha pili, aliingia na shati mkononi.

“Wifi, ligeuze hilo jani kidogo. Kola hii siioni.”

“Si ulisema nalea mtoto bubu?”

“Nilisema mvumilivu hula mbivu, na huyu hali kitu. Geuza basi.”

Bibi Vifungo aligeuza. Tangu dirisha lizibwe, macho yake yalikuwa yamefifia. Kwenye faili lake hilo liliandikwa kuwa ni uzee. Jumatatu msimamizi angepita na saa yake. Ambaye angeshindwa kutunga uzi kwenye sindano kwa dakika moja angerudi nyumbani, hata kama ametia vifungo miaka ishirini na miwili.

Mwanga ulikoma saa tano kamili, saa ambayo jua lilikuwa likiliacha dirisha lile. Wanawake walilitambua hilo siku ile ile, wakabadili utaratibu: sindano zote za mchana zilitungwa uzi kabla ya saa tano na kuchomekwa kwenye sifongo, safu kwa safu.

Jumatatu, saa nne, msimamizi alifika. Bibi Vifungo alifuta jani, akasubiri kivuli cha ndege kipite juu ya kidonge cha uzi, akatunga.

Msimamizi aliandika: sekunde kumi na moja. Aliutazama mmea, akatazama ukuta, akatazama balbu mbili za darini.

“Kumbe mwanga mnao,” alisema. Akapanda kigoda, akazifungua balbu, akazitia mfukoni.

“Na dirisha je, baba?”

“Dirisha la nini tena, mama?”

Jioni ile Bibi Vifungo aliupa mmea kikombe chake cha maji na kuushukuru kwa sauti, kama mtu anavyomshukuru jirani. Kiti chake cha kazi alikuwa nacho bado.

Wifi aliomba chipukizi kwa ajili ya chumba cha pasi. Wakaligawa shina pamoja na mizizi yake, wakalipanda kwenye kopo lililotobolewa chini. Lilishika vizuri. Baada ya miezi miwili jani likafunguka, pana, bichi, bila doa. Walilifuta juu na chini. Halikutoa kitu.

“Kazaliwa baada ya matofali,” alisema Wifi. “Amulike nini, maskini?” Akaendelea kulimwagilia.

Majani ya zamani yalikuwa kumi na manane. Wiki iliyofuata mtu mmoja, kwa huruma, aliumwagia mmea chai iliyobaki, na jani moja likaanza kuwa manjano nchani. Bibi Vifungo alichukua mkasi wa vitundu vya vifungo, akakata ncha tu, upana wa ukucha.

“Ahsante, mwanangu,” alisema, akalifuta lililobaki.

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Akavuta sifongo karibu, akaanza na sindano ya kwanza kati ya arobaini.