Nywele za Mwalimu Karambu

Virginia alipoolewa huko Muthara alimkuta mama mkwe ambaye hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwona kichwa wazi. Mwalimu Karambu alifundisha shule ya msingi iliyo karibu na soko, na tangu aajiriwe alikuwa mtu wa rasta nyembamba za kusukwa, zilizovutwa mpaka nyusi zikapanda. Siku ya kuzifumua alijifungia chumbani, na kabla jua halijatua alikuwa saluni tena.

Wawili hao walizungumza Kiswahili. Virginia alitoka Runyenjes, na Kimeru cha Tigania kilichosemwa hapo kilimpita masikioni kama maji. Murithi, mumewe, alifanya kazi Isiolo na kurudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo walibaki wanawake wawili wenye adabu nyingi na maneno machache. "Umelala vizuri, Mama?" "Vizuri. Chai iko?" Basi.

Jumamosi moja Karambu alirudi kutoka saluni akitembea kama mtu aliyebeba debe la maji kichwani. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya akina mama kanisani, na yeye ndiye angesoma neno. Akaketi nyuma ya jikoni kumsaidia Virginia kumenya viazi. Alimenya kimoja, akafumba macho.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Ni vile ni mpya. Zitalegea."

"Lakini hivyo vipele hapo mbele vina usaha."

"Nimekwambia zitalegea."

Virginia akaendelea kumenya. Kisha akasema bila kuinua uso, "Mama yangu alikuwa anasema hivyo hivyo. Sasa hapa mbele hana kitu, panang'aa kama kiganja. Daktari alimwambia mizizi imekufa."

Karambu aligusa paji la uso kwa ncha ya kidole, akashtuka kwa maumivu.

"Fumua za mbele peke yake," alisema hatimaye.

Virginia akanawa mikono, akaketi kwenye benchi, na mama mkwe akakaa chini kwenye gunia, mgongo ukielekea magoti yake. Rasta ya kwanza ilitoka na nywele zake, mzizi mweupe ukining'inia. Ya pili pia. Chini yake ngozi ilikuwa tupu, na upara ulirudi nyuma mpaka juu ya masikio yote mawili.

"Umeona," Karambu alisema. "Sasa unaweza kumwambia Murithi."

"Nimwambie nini, Mama? Kwamba una kichwa?"

Mabega ya Karambu yakaanza kutikisika. Virginia aliogopa amemliza, kumbe anacheka.

Hawakuishia za mbele. Vidole vikifumua, Karambu alisimulia. Utotoni babake alimnyoa kwa wembe, amemshikilia shingo asitoroke. Shuleni wakamnyoa kila muhula. "Nilipopata mshahara nikasema, mimi sitaonekana tena kama kitu kilichonyolewa. Halafu zikaanza kupungua. Nikamwambia msusi avute zaidi ndio zifunike. Zikapungua zaidi. Nikamwambia avute tena. Na mimi ndiye mwalimu."

"Hata mama yangu hakuacha," Virginia alisema. "Si rahisi kuacha kitu kinachokuficha."

Aliziosha kwa maji ya vuguvugu, akapaka mafuta ya parachichi, akaanza kusuka matuta manene, bila nywele za kuongezea na bila kuvuta. Zile za mbele aliziacha zipumue. Matuta ya kwanza yalifumuka yenyewe kwa sababu alizidisha mafuta, ikabidi ayafute kwa kitambaa na kuanza upya. Alipofika katikati aliona kichwa kimeegemea goti lake. Karambu alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo. Mguu wa Virginia ulikufa ganzi, lakini hakuusogeza. Viazi vilibaki kwenye sufuria, na siku hiyo walichelewa kula.

Jumapili Karambu alivaa kitambaa cha kichwani, akakitoa, akakivaa tena, mwishowe akakiacha kitandani. Kanisani watu waligeuka. Rafiki yake Celina alimnong'oneza, "Mwalimu, unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa," Karambu alijibu, akaenda mbele kusoma. Sauti ilimtetemeka mistari ya kwanza, kisha ikatulia.

Tangu hapo kila baada ya wiki chache walikaa nyuma ya jikoni, mmoja kwenye benchi na mwingine kwenye gunia. Vipele vilikauka. Upande wa kulia nywele zilianza kuota, laini kama za mtoto mchanga, na Karambu akawa anazipapasa hata akisahihisha madaftari. Juu ya sikio la kushoto hapakuota kitu. Walijaribu mafuta mengine, wakasubiri mvua zikapita.

"Hapa pamekataa," Virginia alisema siku moja, akipita polepole na chanuo.

"Pamekataa kabisa?"

"Naona hivyo, Mama."

Karambu akapeleka mkono, akapagusa mahali penyewe, pakavu na laini. Akauacha mkono hapo kwa muda.

"Basi tupaache," alisema. "Endelea na zilizobaki."