Mashine ya Nne

Ijumaa asubuhi Wanzala, fundi wa mitambo, alimaliza chai yake, akapangusa makombo ya mandazi kwenye kibodi, kisha akaiwasha upya seva ya kutafutia matangazo ya vifo. Kituo cha redio kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea mjini Kakamega, na matangazo hayo ndiyo yaliyokilisha. Kila tangazo lililowahi kusomwa hewani lilihifadhiwa kwenye mashine tatu zilizogawana kazi: moja hapo mjini, ya pili kwenye mnara wa Navakholo, ya tatu kwa wakala wa sokoni Matete. Mtu akitafuta jina, hata kwa simu yake akiwa shambani, zote tatu zilipekua kwa pamoja. Ili zisivurugane, zilipiga kura zenyewe kwa zenyewe kuchagua kiongozi, na jibu la kiongozi ndilo lililotoka kwanza.

Wiki hiyo Wanzala alikuwa amezihamishia kwenye toleo jipya. Toleo hilo halikuwa na mchezo: lilitaka aandike majina ya mashine zenye haki ya kupiga kura, na kila moja ipewe nenosiri. Lakini stima ilikuwa ikipotea na kurudi, naye akachoka. Akanakili mipangilio ya zamani, ile iliyomkaribisha yeyote aliyelijua jina la kundi la mashine hizo. Jina la kundi lilikuwa Pumzika Salama, maneno yaliyofunga kila tangazo tangu kituo kianze. Nani magharibi yote hakuyajua?

Meneja wa kituo, Quinter, alikuwa ameweka meza yake mlangoni, mbele ya benchi la wateja, kwa sababu hakumwamini mtu. Ndiye aliyempokea Musimbi, mwalimu wa chekechea kutoka Iguhu, aliyeingia amevaa sweta nyeusi ya kuazima. Mama yake, Mideva, alikuwa mochari tangu Jumanne. Musimbi alitaka kumzika Navakholo, kando ya mumewe Lazarus Khaemba, aliyetangulia miaka minane kabla. Ndugu za Lazarus walikuwa wamefunga geti.

"Wanasema mke hutajwanga redioni," Musimbi alieleza. "Eti nilete tangazo la baba, kama mamangu yumo watachimba. Na yumo. Alitajwa wa pili, baada ya mke mkubwa, Mama Maximilla. Alisikia na masikio yake, akaniambia. Mimi nilikuwa shule."

Quinter alimtazama toka viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Mtafutie," akamwambia Wanzala.

Majibu yalikuja mawili. La pili, lililosukumwa chini, lilikuwa tangazo lenyewe kwa sauti ya mtangazaji, na ndani yake Lazarus Khaemba alikuwa mume wa Maximilla, basi. Musimbi alilisikiliza mpaka mwisho, akaomba lirudiwe. Ndipo akaelewa kwamba mama yake alikuwa amemdanganya miaka minane yote, ili mtoto asome kwa amani. Uso ukamwiva, akakaa.

Jibu la kwanza lilikuwa tangazo lile lile, ila lilisomwa na Lazarus mwenyewe, taratibu, akipumzika kila baada ya jina. "Mume wa Maximilla, na wa Mideva binti wa Iguhu," alisema. Akataja watoto wa nyumba ya kwanza, kisha akasema, "na Musimbi." Nyuma yake jogoo aliwika.

"Hiyo imetoka mashine gani?" Quinter akauliza.

Wanzala alifungua orodha ya mashine. Zilikuwa nne. Ya nne iliitwa Lazarus Khaemba, na ilikuwa imechaguliwa kiongozi. Navakholo ilikuwa imempigia kura, Matete vilevile, na kura moja alijipigia mwenyewe. Mashine ya mjini peke yake ndiyo iliyompinga.

Kwamba marehemu anaongea, hilo halikumshughulisha mtu. Watu wamezikwa na maneno mdomoni tangu zamani. Kilichomkera Quinter ni nani aliyemwingiza.

"Huyu msichana amekupea nini?" alimwuliza Wanzala.

"Hajanipea kitu, madam. Labda huyo wakala wa Matete ndiye alimpea paswadi."

Wakala wa Matete, alipopigiwa simu, alisema yeye amemshuku mlinzi wa mnara wa Navakholo siku nyingi. Mlinzi wa mnara alisema mtu wa kuulizwa ni fundi. Hakuna aliyejua kwamba nenosiri halikuwako kabisa, kwamba jina la kundi lilitosha, ila Wanzala, naye akainamia kibodi.

Quinter alimpigia Andati, mdogo wake marehemu, aliyelileta tangazo miaka ile. Alifika kwa boda akiwa amevaa gambuti zenye udongo wa shamba la miwa. Akasikiliza sauti ya kaka yake huku amefumba macho.

"Ni yeye," alisema. "Lazaro alikuwanga hivyo, kusema bila kuuliza watu. Sasa ninyi mlimpa ruhusa ya nani?"

Adhuhuri Lazarus alipanda ngazi mwenyewe. Alivaa ile suti ya kijivu aliyozikwa nayo, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la barabara. Akasema mulembe, wakaitikia mulembe. Andati alisogea, akampa nafasi kwenye benchi. Musimbi alisimama akampa baba yake mkono kwa mikono miwili, naye akaushika kwa muda mrefu.

"Nimekuja kurekebisha," Lazarus alimwambia Quinter.

"Marekebisho huletwa na familia, mzee. Na kitambulisho."

"Kitambulisho mlichukua nilipokufa."

"Si sisi. Ni serikali." Quinter alimgeukia Andati. "Familia inasemaje?"

"Familia ilishasema," Andati alijibu. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia kaka yake, "Ulikuwa na nyumba moja ya bati na watoto saba. Ungetaka tuwapande wapi hawa wengine?"

"Kando yangu," Lazarus alisema. "Mimi na Mideva tuliishi—"

"Wanzala," Quinter alisema, "funga hiyo kitu."

Wanzala alikuwa na mama pia, aliye hai, asiyeolewa kanisani. Lakini alikuwa na kazi, na Quinter alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akivifuatilia vidole vyake kwenye kibodi. Aliandika majina ya mashine tatu, akaacha la nne. Quinter akamwondoa kitini, akaandika nenosiri yeye mwenyewe, huku amekinga kibodi kwa mkoba. Mashine zikazima, zikawaka, zikapiga kura. Mjini ikashinda.

Kwenye benchi, Lazarus aliendelea kusimulia jinsi yeye na Mideva walivyoishi. Midomo ilisogea bila sauti. Baada ya muda akagundua, akaifunga.

"Rudisha," Musimbi alisema. "Nawaomba. Hata kwa leo tu."

"Lete tangazo la mama," Quinter alimjibu, na kwa kweli sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. "Marehemu ni mke wa nani?"

"Wa Lazarus Khaemba. Huyu hapa."

Quinter akamtafuta Mideva katika tangazo la Lazarus Khaemba. Hakumpata. Akaacha pengo mahali pa jina la mume, na pengo halisomwi hewani. Jioni ile ikatangazwa kifo cha Mideva wa Iguhu, mama yake Musimbi, dada yake fulani na fulani, pumzika salama.

Walimzika Jumamosi ya wiki iliyofuata, kwao Iguhu, karibu na ua, mahali wanapozikwa mabinti waliorudi nyumbani. Kabla ya maombi jeneza lilifunguliwa ili watu wapige picha. Mwongozaji, kijana mwenye kipaza sauti, aliita watoto wa marehemu, na Musimbi akaenda kusimama peke yake. Mpiga picha akamwambia asogee katikati.

Katika safu ya mwisho ya viti, Lazarus alikuwa amekaa. Alikuwa amefungua na kufunga kifungo cha koti mara kadhaa, na sasa mikono yake ilikuwa magotini, tayari kuinuka. Musimbi alimwonyesha mwongozaji kwa kidevu. Mwongozaji alitafuta kwenye simu yake, akasoma tangazo la Mideva hadi chini, akatikisa kichwa.

Akaita ndugu na dada. Akaita akina mama wa kanisa, walimu wa chekechea, majirani, wapishi. Kila kundi lilisimama, likapigwa picha, likarudi kivulini. Halafu akauliza kama kuna kundi lililosahauliwa, akangoja kidogo, akamkaribisha mchungaji.

Lazarus alibaki kitini, kwa sababu hakuitwa.