Ukurasa wa Figo

"Hiki nacho hakifai," mama alisema, akakifunga kwa kishindo na kumrudishia muuza vitabu. "Kina roho mbaya."

Muuza vitabu, ambaye wanachuo walimwita Profesa kwa sababu ya miwani yake iliyofungwa uzi, aliniangalia mimi. Nami nikaangalia pembeni. Tulikuwa tumesimama mbele ya kibanda chake muda mrefu, na juu ya meza yake vitabu vya anatomia na fiziolojia vilikuwa vimerundikwa kama matofali.

Kosa lilikuwa lake Profesa. Tulipofika alinipa ushauri anaowapa wote wanaoanza uuguzi: usinunue kitabu kwa uzuri wa jalada, chagua jambo moja unalolijua, litafute katika kila kitabu, uone kipi kinakueleza ukaelewa. Ni ushauri mzuri. Hata leo, nikiwa mwalimu katika chuo kilekile, wanafunzi wakiniuliza nawapa huohuo. Ila siwaambii wachague jambo gani.

"Basi tutazame figo," mama alidakia siku ile. "Hizo nazijua mimi."

Alizijua kweli. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu akavivaa kwa kukanyaga visigino, na uso wake ukiamka kila asubuhi umejaa maji. Nilikuwa nimemsihi abaki nyumbani. Akanijibu kwamba yeye bado yu hai, na mtoto wake hawezi kwenda kununua vitabu peke yake kama yatima. Jamani mama yangu, alikuwa na maneno!

Macho yake hayakuona maandishi madogo, kwa hiyo nilimsomea. Kitabu cha kwanza kilieleza jinsi figo zinavyochuja damu, naye akawa anaitikia, "Enhee, enhee." Kisha kikasema vichujio vikishakufa havioti tena. Akakisukuma kando.

"Lete kingine."

Kingine kilisema hivyohivyo, kwa maneno marefu zaidi. Cha tatu kilikuwa na mchoro. Nikaanza kuruka mistari, lakini mama hakuwa mtu wa kurukiwa mistari.

"Rudi hapo. Umemeza kitu."

Nikarudi, nikasoma, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitabu tulichokuwa tukikitafuta hakikuwa changu. Mama alikuwa akitafuta hata kimoja tu cha kumwambia kwamba atapona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama," Profesa alisema kwa upole, "vitabu vyote vya chuo vitasema hivyo."

"Basi nipe kisicho cha chuo, kaka yangu. Mbona unakuwa mgumu?"

Aliinama, akapekua chini ya meza, akatoa kijitabu cha shule ya msingi kilichokwanguka jalada. Figo zilikuwa zimepewa mistari michache tu. Nikasoma: figo hufanya kazi mchana na usiku, wala hazichoki. Baada ya hapo ilifuata habari ya ngozi.

"Haya! Huyu ndiye mtu anayejua kazi yake," mama alisema, na uso wake ukachangamka kama ambavyo sikuwa nimeuona kwa siku nyingi. "Tumchukue huyu."

Uwezo wetu ulikuwa wa kitabu kimoja, na masomo yalikuwa yanaanza wiki ileile. Profesa alikishika kimoja kinene cha chuo mkononi, akinisubiri. Nilijua vizuri ni kipi kingenivusha mtihani.

"Tunachukua cha mama," nikasema.

Tulipofika nyumbani alijilaza kwa ubavu, akapandisha blauzi mgongoni, akaniita nikae kitandani na kijitabu. Nikamsomea mistari ile.

"Polepole, mwanangu," alisema, akauvuta mkono wangu na kuuweka kiunoni pake. "Zisikie."

Nikasoma tena, polepole, huku nikibonyeza kidogo. Nilipoondoa kidole, ngozi haikurudi. Shimo lilibaki palepale.

"Eti hazichoki," mama alisema, akitabasamu huku ameuelekea ukuta. "Endelea."

Nikaendelea.