Sentimita Ishirini na Tisa

Tsung alikuwa na wivu. Tuliseme hilo tangu mwanzo, maana yeye mwenyewe angekuambia kuwa amechoka na kazi, au kwamba joto la Taipei mwaka huu limezidi. Ulikuwa wivu, tena si wa mwanamke. Mke wake alikuwa nyumbani ametulia zake na hana habari. Wivu wa Tsung ulikuwa juu ya rafiki yake Po-yen, na kilichouwasha ni kadi ya picha, kile kipande cha kompyuta kinachofanya gemu ionekane kama kitu na si uji.

Kwa miaka kumi na minne hakuna mtu katika kundi lao la gemu aliyenunua hata feni bila Tsung kukubali. Utaratibu ulikuwa hivi: ukitaka kununua, unaandika orodha ya vipuri, ambayo wao na wenye maduka wote huiita menyu, halafu unamtumia Tsung. Tsung anaipitia na kukata. Hii imepitwa na wakati, hii bei yake ni wizi, hii ina kelele, toa, weka ile. Ukishanunua, Jumamosi anakuja kwako na bisibisi zake kuiunganisha. Kompyuta ya Po-yen aliiunganisha yeye, kuanzia kasha mpaka skrubu ya mwisho, mwaka ule Po-yen alipofiwa na baba yake na kukaa miezi miwili bila kutaka kuzungumza na mtu. Tangu hapo wawili hao wamewinda mazimwi pamoja kila Jumamosi.

Sasa Alhamisi ile menyu ya Po-yen ikatua kwenye kundi la simu ikiwa imeshakatwa na kusawazishwa. Chini yake Po-yen alikuwa ameandika: "Wan-ni ameshanipitishia. Jumamosi tunaenda Guanghua kuchagua kadi. Kaka Tsung, twende wote?"

Ameshanipitishia! Tsung alilisoma neno hilo mara tano akiwa kazini, na kila mara lilimkera upya. Wan-ni ni nani hata ampitishie mtu? Ni msichana wa ofisi ya bima anakofanya kazi Po-yen, ameingia kundini juzi tu, mwezi wa tatu, na tayari anawaelekeza watu zimwi lipi lipigwe mkia kwanza. Tena ubaya wake, huwa anapatia. Tsung aliandika, "Nendeni tu, mna mtaalamu wenu." Akafuta. Akaandika, "Sawa."

Jumamosi asubuhi aliwakuta wamesimama mbele ya jengo la Guanghua, lile lenye maduka ya kompyuta ghorofa kwa ghorofa. Wan-ni alikuwa ameshika glasi tatu za chai ya maziwa.

"Kaka Tsung, yako hii. Sukari nusu, bila barafu. Po-yen kaniambia."

"Asante," alisema Tsung, na akachukia jinsi chai ilivyokuwa sawasawa. Kumbe wanamzungumzia, mpaka sukari yake.

Duka lao lilikuwa la Mama Hsu, ghorofa ya tatu, upana wake mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Mama Hsu alipomwona Tsung alinyoosha kiganja, kama alivyofanya miaka yote.

"A-Tsung! Umepotea weye! Lete menyu."

"Leo menyu anayo dada," alisema Po-yen.

Kiganja cha Mama Hsu kikahama kwenda kwa Wan-ni. "Eh! A-Tsung umestaafu? Na hukutuaga?"

"Nimepumzishwa," alisema Tsung, akacheka kwa meno tu.

Mama Hsu aliweka maboksi mawili juu ya meza. La kwanza lilikuwa na kadi fupi yenye feni mbili. La pili lilikuwa na kadi ndefu ya feni tatu, kimya zaidi, na kumbukumbu yake ni kubwa. Po-yen aliziangalia kama mtu aliyepewa watoto wawili achague mmoja.

"Fupi inakutosha leo," alisema Wan-ni, "lakini gemu zinazokuja zinakula kumbukumbu kama wehu. Miaka miwili tu utaanza kuteremsha ubora wa picha. Ile ndefu itakukalia miaka sita. Haina kelele, na haipati moto, kwa hiyo Mama yako hatalalamika kuwa chumba kinachemka."

Tsung alisikiliza akitafuta kosa. Hakuliona. Maneno yale yale angeyasema yeye, kwa mpangilio ule ule, pengine hata hilo la mama angelisahau. Binti angekuwa mjinga, Tsung angelala usingizi wake vizuri. Alikuwa anaumia kwa sababu hakuwa mjinga. Halafu akatazama ubavuni mwa boksi, palipoandikwa vipimo, akasoma: sentimita thelathini na tatu.

Kasha la kompyuta ya Po-yen lina nafasi ya sentimita ishirini na tisa. Mbele yake kuna kizimba cha chuma cha kuwekea diski za zamani, na kadi yoyote ndefu itagonga hapo. Tsung hakuhitaji kupima. Alilijua kasha lile kama anavyojua namba ya simu ya mama yake.

Wan-ni naye akageuka wakati huo huo. "Kaka Tsung, kitu kimoja tu. Mimi kasha la Po-yen sijaliona, na yeye ukimuuliza vipimo anakuambia ni jeusi."

"Si ni jeusi!" alisema Po-yen.

"Hii ndefu itaingia?"

Wakamtazama wote watatu, Mama Hsu akiwa na wembe mkononi tayari kukata stika ya boksi. Hapo ndipo Tsung angesema. Neno moja tu, kazi kwisha, na siku ingekuwa yake: angemwokoa Po-yen, na kila mtu angeona kwamba mwenyewe bado yupo. Lakini aliona pia upande wa pili. Aliwaona wako nyumbani kwa Po-yen, kadi imegoma, na Wan-ni amesimama pale na menyu yake nzuri, amenywea.

"Kasha lile nililichagua mimi," alisema Tsung. "Lina nafasi ya kulaza ng'ombe."

"Basi ndefu," alisema Po-yen.

"Nikikata hapa ndoa imefungwa," Mama Hsu alionya. "Hakuna talaka."

"Kata, Mama."

Akakata. Akaijaribu kadi kwenye mashine ya mezani, ikawaka, feni tatu zikazunguka. Tsung alivuta chai yake mpaka ikalia chini ya glasi.

Nyumbani kwa Po-yen, Banqiao, ghorofa ya tano, walivua viatu mlangoni, na mama yake akawapokea na sahani ya mapera yaliyokatwa.

"Tsung, mwanangu, umekonda. Mkeo hakulishi?"

"Ananilisha, Mama. Ni kazi."

Po-yen alifungua kasha. Wan-ni aliichukua kadi kwa mikono miwili, akaiinamisha, akaisogeza. Ikagonga chuma. Akaigeuza kidogo, akajaribu tena, ikagonga tena. Kilibaki kipande kizima cha vidole viwili nje. Tsung, aliyekuwa ameiandaa sura yake ya mshangao tangu kwenye treni, akaivaa.

Akasubiri Po-yen amgeukie Wan-ni. Po-yen akamgeukia yeye, akaangua kicheko.

"Kaka Tsung! Ng'ombe wako huyo analala amekunja miguu?"

"Msimcheke," alisema Wan-ni haraka. "Kosa langu mimi. Kadi nimechagua mimi, ningekuja kupima mwenyewe. Kwani kaka ameliunganisha lini kasha hili? Nani angekumbuka?"

"Mwacheni mtoto wa watu," mama Po-yen akadakia, akimsogezea Tsung sahani ya mapera. "Baba yenu naye alianza hivi hivi. Leo anasahau funguo, kesho jina la jirani. Kula, Tsung, mapera yanasaidia kichwa."

Tsung akala pera. Jambo hili hakulipigia hesabu hata kidogo. Alitaka binti aaibike, na sasa binti ndiye anayemtetea, huku yeye akionewa huruma na kulishwa dawa ya kusahau.

Na wala kadi haikuwashinda. Wan-ni aliingiza kichwa ndani ya kasha, akatoka anacheka. "Kizimba hiki kimeshikiliwa na ribiti nne tu, hizi pini za chuma. Mna drili?" Po-yen alikuwa na drili ya marehemu baba yake kwenye roshani. Wakalilaza kasha sakafuni, wakafunika vipuri kwa taulo, mmoja anatoboa, mwingine anazuia vumbi la chuma kwa karatasi, wanapigiana kelele na kucheka kama watoto. Tsung akaombwa amulike kwa simu. Akamulika. Miaka kumi na minne daktari, leo mshika taa. Aliwatazama migongo yao miwili iliyoinama pamoja, na moyo ukamchoma hasa, kwa sababu pale alipoinama Wan-ni ndipo alipokuwa akiinama yeye.

Kizimba kikatoka. Kadi ikaingia. Po-yen akafungua gemu, na zimwi walilolipiga miaka yote likatokea kwenye skrini likiwa na manyoya, unyoya mmoja mmoja, na umande juu yake. Hata hilo Tsung alilionea wivu. Yeye nyumbani bado anapigana na lile la uji.

Kikabaki kitu kimoja. Huko kwao, mashine ikikamilika, huwekewa juu yake pakiti ya vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, ili iwe na adabu isizime ovyo. Lazima pakiti iwe ya kijani, si ya njano wala nyekundu, na tarehe yake iwe haijapita. Huicheka desturi hiyo wote na huifuata wote, mpaka hospitali na benki. Anayeiweka ni yule aliyeiunganisha mashine. Po-yen akatoa pakiti mpya kwenye droo, na mkono wa Tsung ukajinyoosha wenyewe kuipokea.

Po-yen akampa Wan-ni.

Tsung akaurudisha mkono, akajikuna shingo. Wan-ni aliona. Aliiweka pakiti, akaigonga kidogo kwa kidole, kisha akamgeukia kwa upole, na ule upole ndio uliomaliza kila kitu.

"Kaka Tsung, Po-yen anasema kadi yako nayo siku hizi inakoroma. Ukitaka nitakuandikia menyu. Safari hii tutapima kwanza, usijali, mimi nitakuja na futi."

"Mwache akusaidie, kaka," alisema Po-yen. "Ukisahau tena, yeye atakumbuka."

"Sijasahau!" Tsung alipaza sauti mpaka mwenyewe akashtuka, lakini alikuwa ameshaanza. "Nimesahau nini mimi? Sentimita ishirini na tisa! Kasha lina ishirini na tisa, kadi ina thelathini na tatu, imeandikwa ubavuni mwa boksi. Niliiona kabla hata hamjaniuliza. Nilijua! Nani amekwambia mimi nasahau?"

Kwa muda mfupi alijisikia vizuri kabisa. Jina lake lilikuwa limerudi. Halafu akaona mama Po-yen ameweka sahani chini, na Wan-ni anaangalia soksi zake.

"Ulijua," alisema Po-yen.

"Po-yen, sikiliza..."

"Alikuuliza. Mimi nilisikia akikuuliza, na Mama Hsu ameshika wembe."

Feni tatu zilizunguka bila kelele, kama Wan-ni alivyosema.

"Ungekuwa umesahau, kaka, isingekuwa neno," Po-yen alisema taratibu, akiokota ribiti sakafuni moja moja. "Ningekuwa nakukumbusha mimi. Kila Jumamosi ningekukumbusha."

Tsung akaenda mlangoni kutafuta viatu vyake. Alichukua muda mrefu kufunga kamba, na hakuna aliyemwambia akae.